Ilitoka Chungu Gani?

Tarehe 28 Machi mwaka 193, dola ya Kirumi ilipigwa mnada. Askari wa kikosi cha kumlinda kaisari walikuwa wamemuua Pertinax, bosi wao wa siku 87, kisha wakarudi kambini na kufunga lango. Watu wawili walikitaka kiti. Sulpicianus, baba mkwe wa marehemu, alikuwa ndani ya kambi. Didius Julianus, seneta na tajiri, alisimama nje ya ukuta akipaza sauti. Bei ilipanda hadi sesterti 20,000 kwa kila askari. Julianus akaruka moja kwa moja hadi 25,000, akionyesha na vidole, asije mtu akasema hakusikia. Lango likafunguliwa. Cassius Dio, aliyetuachia habari hii, alikuwa seneta mjini Roma siku hizo hizo.

Julianus alitawala siku 66, kisha naye akauawa. Lakini siku 66 zilimtosha kugonga sarafu. Kuna moja ambayo upande wa nyuma amesimama ameshika tufe, na maneno yanasema RECTOR ORBIS: mwongozaji wa ulimwengu. Ulimwengu upi sasa? Severus alikuwa ameshatangazwa kaisari kule Danube, Niger kule Syria, na mji wa Roma wenyewe ulikuwa ukimzomea. Ila sarafu haina habari na hayo. Sura imetulia, ndevu zimechanwa, tufe liko mkononi.

Mimi sikusanyi sarafu. Sina hata moja. Ninachofanya, kwa miaka kadhaa sasa, ni kusoma katalogi za minada ya sarafu za Kirumi, hasa zile za makaisari wa wiki tatu, wa miezi miwili, wale ambao vitabu vya shule huwaruka. Nazisoma vile wengine husoma riwaya za upelelezi: usiku, simu mkononi, nikijiambia hii ndiyo ya mwisho. Na kwa kuwa kazi yangu ni uhakiki, nimeanza kuona kwamba hapa kuna maandishi ya aina tatu yanayogombania mtu mmoja. Kuna sarafu yenyewe. Kuna kitabu cha mwanahistoria wa kale. Kuna maelezo ya muuzaji. Kila moja lina ufundi wake na uongo wake, na wakusanyaji, pamoja na mapenzi yao yote, mara nyingi huchagua kuamini lile lisilofaa.

Tuanze na sarafu. Ni maandishi mafupi kuliko ubeti wa shairi: upande mmoja sura na jina, upande wa pili picha na maneno mawili matatu. Hakuna nafasi ya "lakini". Sisi Wakenya tunaelewa uzito wa sura kwenye pesa. Tulibeba marais mifukoni kwa miongo mingi, hadi Katiba ya 2010, katika ibara ya 231(4), ikasema noti na sarafu zetu hazitakuwa na sura ya mtu yeyote. Ndiyo maana sarafu zilizotoka Desemba 2018 zina wanyama: twiga, kifaru, simba, tembo. Roma ilikuwa kinyume kabisa. Mtu akishainuliwa na askari, jambo la kwanza ni kuwalipa, na pesa ya kuwalipa ndiyo hiyo hiyo bango lake la kampeni. Na kama mabango ya wagombea walioanguka ambayo bado yamebandikwa kwenye nguzo za stima, yakichubuka na jua, sarafu zilibaki mitaani baada ya mwenyewe kuzikwa.

Ukisoma nyingi kwa pamoja unagundua kanuni: kinachotangazwa ndicho kinachokosekana. Otho alitawala miezi mitatu mwaka 69, mwaka wa makaisari wanne, akajiua baada ya jeshi lake kushindwa. Sarafu zake zinasema SECVRITAS P R, usalama wa watu wa Roma, na nyingine PAX ORBIS TERRARVM, amani ya dunia nzima. Nywele zake zimepangwa mistari mistari kama mkeka, na mwandishi Suetonius anatuambia jamaa alivaa nywele za bandia. Kwa hiyo hata kichwa kilikuwa ahadi. Kuna maneno mengine, CONCORDIA MILITVM, umoja wa askari. Hayo yakitokea kwenye sarafu ya kaisari wa muda mfupi, shika roho. Yanaandikwa na mtu anayelala huku akisikiliza nyayo mlangoni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Pacatianus. Mwaka 248 Roma ilisherehekea kutimiza miaka 1,000, kwa michezo na wanyama wa kila aina. Karibu wakati huo huo, kule Danube, askari wakamtangaza Pacatianus. Naye akagonga sarafu yenye maneno ROMAE AETER AN MILL ET PRIMO: kwa Roma ya milele, mwaka wa elfu moja na moja. Eti elfu ya kwanza ilikuwa ya mwenzangu, elfu ya pili inaanza na mimi. Askari wake wenyewe walimuua muda si mrefu. Maneno hayo yamewasaidia wanahistoria kujua alikuwa kaisari mwaka gani. Alitaka kusema habari ya umilele, sisi tukapata tarehe.

Kwa hiyo usiamini sarafu inachosema. Amini kwamba ilisemwa, na wakati fulani, na mahali fulani. Hiyo ndiyo nguvu yake kama shahidi, na ndipo inapokipiga kitabu chenga.

Chukua Marius, aliyetawala sehemu za Gaul mwaka 269, wakati Magharibi imejitenga na Roma. Kitabu kiitwacho Historia Augusta, ambacho wasomi wanakijua kwa kutunga barua, hotuba na hata watu, kinasema Marius alikuwa mfua vyuma. Kwamba siku ya kwanza alifanywa kaisari, siku ya pili akaonekana kutawala, siku ya tatu akauawa. Tazama vile hadithi imekaa vizuri. Siku tatu, hatua tatu, kama ngano ya sungura inayojua itaishia wapi. Na eti aliyemuua alitumia upanga ambao Marius mwenyewe aliufua. Ukisikia hadithi imepangika hivyo, uliza ni nani aliyeipiga msasa. Sarafu za Marius ni nyingi na za namna mbalimbali mno kuweza kutoka ndani ya siku tatu; lazima alikaa wiki kadhaa, pengine miezi. Quintillus vivyo hivyo. Waandishi kadhaa walimpa siku 17 mwaka 270. Lakini karakana za Roma, Milano na Siscia ziligonga sarafu zake kwa wingi usiolingana na siku 17.

Haya ni mambo ya uhakiki wa kawaida. Mwandishi wa kale alipenda kaisari wa siku tatu kwa sababu siku tatu huchekesha na kufundisha. Mtawala wa miezi mitatu, aliyelipa mishahara, akaandika barua, akaugua mafua, huyo hana funzo. Kwa hiyo kitabu kilimkata. Ni hawa vipande vidogo vya shaba, vilivyopakwa fedha kidogo juu ili vidanganye soko, vilivyomrudishia miezi yake.

Lakini shahidi naye anahitaji kuaminiwa, na hapa ndipo napata ubishi na wakusanyaji.

Mwaka 1900, huko Les Cléons karibu na Nantes nchini Ufaransa, ilitokea sarafu ya kaisari aitwaye Domitianus. Siyo yule Domitianus mashuhuri wa karne ya kwanza. Huyu amevaa taji la miale, kwa mtindo wa miaka ya 270, na nyuma yake, bila shaka, CONCORDIA MILITVM. Ilisemwa imetoka kwenye akiba iliyofukiwa, ila ilikuwa pekee duniani kwa jina hilo, na wengi wakaona ni ya kughushi. Zaidi ya miaka 100 ikakaa hivyo, na mtu huyo akakaa nayo: si kaisari, si hadithi, ni tuhuma tu.

Mwaka 2003, mtu mwenye kifaa cha kutafutia metali ardhini alikipata chungu huko Chalgrove, Oxfordshire, Uingereza. Ndani mlikuwa na sarafu karibu 5,000 zimeshikana kwa kutu kama maandazi yaliyomwagikiwa chai. Hakuzibandua mezani kwake jikoni. Sheria ya hazina ya Uingereza ya 1996 inataka vitu kama hivyo viripotiwe, naye akaripoti, na chungu kikafika kwa wataalamu wa British Museum. Wakaanza kuzitenganisha moja moja, na mmoja wao akaikuta sura asiyoitegemea. Domitianus, tena. Iligongwa kwa mihuri ile ile iliyogonga ile ya Ufaransa. Leo iko Oxford, katika jumba la makumbusho la Ashmolean.

Fikiria ingekuwaje kama huyo bwana angekivunja chungu usiku na kuziuza moja moja. Sarafu ingekuwa ile ile, metali ile ile, herufi zile zile. Lakini ingekuwa "ya pili ya kughushi". Kilichomrudisha Domitianus katika historia ni majirani zake: sarafu elfu kadhaa za kawaida, za bei ya chini, za makaisari ambao hakuna anayewagombania, zilizomshika kwa kutu hadi macho ya watu wazima yaliposhuhudia akitoka.

Sasa mweke kando ya Sponsianus. Mwaka 1713 iliripotiwa kwamba sarafu kadhaa za dhahabu zimepatikana Transylvania, baadhi zikiwa na jina hilo ambalo hakuna kitabu cha kale kinalolitaja. Nzito, herufi zake zimelegea, na zimetengenezwa kwa kumimina dhahabu kwenye kalibu badala ya kugongwa. Kwa muda mrefu ziliwekwa kwenye fungu la uongo. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na mtaalamu wa University College London walichunguza zilizoko Glasgow kwa hadubini, wakaona mikwaruzo ya kutumika na udongo ulioganda juu yake, wakasema hizi ni za kweli na Sponsianus aliishi. Wataalamu wengi wa sarafu wakakataa: uzito haupangiki, mtindo si wa enzi hiyo, na mchoro wa nyuma umenakiliwa kutoka kwa sarafu iliyomtangulia kwa karne kadhaa. Mzozo haujaisha. Na hautaisha kwa urahisi, kwa sababu hadubini inaweza kukuambia kuna udongo, lakini haiwezi kukurudisha kwenye shimo la 1713 uone kilichokuwa kando.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Pwani yetu inalijua. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walikuta akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo kama ukucha, zenye majina ya watawala wa Kiislamu wa hapa hapa. Sarafu hizo hazina mwaka. Lakini pamoja nazo kulikuwa na dinari za dhahabu za Wafatimi wa Misri, ambazo zina miaka. Wageni hao wachache wa dhahabu ndio waliowezesha wataalamu kuirudisha nyuma historia ya fedha za Waswahili hadi karne ya 11. Je, kama mtu angezigawa, dhahabu kwa sonara na fedha kwa watalii? Majina yangebaki. Wakati ungepotea. Na nani angejua kuwa watu hao walikuwa na sarafu zao mapema hivyo, tena, kama zile za Kilwa, zenye maneno yanayofanya vina kutoka upande mmoja hadi wa pili? Hao walijua wanaandika shairi.

Turudi kwenye katalogi, andishi la tatu. Ni fasihi yenye kanuni kali. Kwanza jina na tarehe. Halafu sifa: nadra, nadra sana, nadra kupindukia. Halafu urembo: sura yenye kuvutia, rangi ya kijani kama ya baharini. Halafu kihadithi kifupi, na hapa Historia Augusta hufufuka, maana mfua vyuma wa siku tatu anauza kuliko mwanajeshi wa wiki kadhaa. Mwisho, kama ipo, asili yake: "kutoka mkusanyo wa zamani wa Ulaya". Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi mno. Ulaya ipi? Zamani lini? Katika aya inayopima kipenyo hadi sehemu ya kumi ya milimita, mahali na wakati vimeachwa kama ukungu. Mhakiki akikuta mwandishi makini hivyo amekuwa mzembe ghafla, anajua uzembe huo una kazi. Katika nchi kama Bulgaria, kuchimba kaburi na makazi ya kale usiku kinyume cha sheria ni tatizo la miaka mingi. Kilichochimbwa hivyo kitaingia sokoni kwa mlango gani, kama si huo wa ukungu?

Na soko lina mantiki yake ya kushangaza. Denari ya kawaida ya Trajan, aliyetawala miaka 19 na kuifikisha dola kwenye upana wake mkubwa kabisa, mwalimu wa sekondari anaweza kuinunua akijibana. Ya Gordian wa kwanza, huenda akauza gari. Huyo alikuwa mzee wa miaka kama 80, gavana wa jimbo la Afrika, ambalo wakati huo lilimaanisha kwa sehemu kubwa Tunisia ya leo. Mwaka 238 matajiri wa mashamba huko Thysdrus, sasa El Djem, walimuua mtoza kodi, kisha wakamlazimisha mzee kuwa kaisari kabla hawajanyongwa wote. Wiki tatu. Mwanawe, Gordian wa pili, akafa vitani. Mzee akajinyonga Carthage. Sarafu zao ziligongwa Roma, mji ambao hawakufika kamwe wakiwa makaisari. Anayeinunua leo ananunua kushindwa kwao. Kadiri walivyoshindwa haraka ndivyo bei inavyopaa.

Simlaumu mkusanyaji kwa kupenda. Wengi wao wanajua Kilatini chao na mihuri yao kuliko maprofesa, na mengi tunayoyajua yametoka kwenye droo zao. Mwenye kifaa kule Chalgrove hakuwa mtaalamu wa chuo. Alikuwa mtu wa burudani hiyo hiyo. Ninachobishana nacho ni ile tabia ya kujaza orodha: kutengeneza trei yenye shimo la kila kaisari, Julianus shimo lake, Pacatianus lake, na kukosa usingizi kwa sababu ya shimo moja tupu. Trei hiyo inasoma dola kama foleni ya watu binafsi. Inataka nadra, haina haja na majirani. Kwa trei, zile sarafu nyingine zote za Chalgrove ni takataka zilizoizunguka moja. Kwa historia, hizo nyingine ndizo ushahidi wote.

Ndiyo maana ningependa mnunuzi abadilishe swali. Badala ya kuuliza sarafu hii ni ya nani, aulize ilitoka chungu gani, pamoja na nini, na nani aliyeandika hayo. Muuzaji akikosa jibu, bei ishuke, hata kama sura ni safi na kaisari ni wa siku moja. Soko linaelewa lugha ya bei kuliko mahubiri. Siku "mkusanyo wa zamani wa Ulaya" litakapokuwa doa badala ya kipambo, mwenye jembe la usiku atafikiri mara mbili.

Kuna kaisari aitwaye Silbannacus. Hakuna mwandishi wa kale anayemtaja, hata kwa dharau. Sarafu yake ya kwanza iliingia British Museum miaka ya 1930. Ikakaa peke yake hadi ya pili ilipochapishwa mwaka 1996. Mbili tu. Alikuwa nani, alimwasi nani, alikufa vipi, yote ni kukisia. Inawezekana sana ya tatu ipo mahali, ndani ya chungu ambacho jembe halijakigusa, imeshikana na sarafu za watu wanaojulikana miaka yao. Atakayeifikia kwanza ndiye atakayeamua kama tutamjua mtu huyu, au kama tutabaki na shimo moja lililojazwa kwenye trei ya mtu.